Sekunde Ambazo Seva Haikuzihesabu

Jacinta Nabalayo alikuwa akila chapati na maharagwe ofisini, Jumanne saa saba mchana, Seline Adero alipoingia bila kubisha na kuweka beseni la plastiki juu ya kibodi ya kompyuta yake.

Ndani ya beseni mlikuwa na omena, wale dagaa wadogo wa ziwa, kilo tatu hivi. Walikuwa wameloa na kugandamana, na harufu yao ilijaza chumba kabla Seline hajasema neno.

"Nusa," akasema.

"Nimeshanusa, mama."

"Nusa tena. Hii ni mara ya tatu mwezi huu. Nimekuletea uwaweke kwenye takwimu zako."

Jacinta ana miaka thelathini na tisa. Alizaliwa Webuye, akasomea kompyuta katika chuo kimoja cha ufundi mjini Kisumu, akaolewa, akafiwa na mume, na sasa anaishi Migosi na binti zake wawili katika nyumba ya kupanga. Kwa miaka minne amekuwa mtu wa seva wa ushirika wa wakaushaji omena, wenye ofisi yake mjini juu ya duka la dawa za mifugo. Ukimuuliza kazi yake atakwambia, "Nachunga mashine moja na wanawake mia moja na sitini." Mashine ndiyo seva, kompyuta inayopokea maombi ya wanaushirika kutoka kwenye simu zao. Wanawake ndio wanaoyatuma, wakiwa kwenye ufuo mmoja wa Seme, chini ya Kombewa.

Omena hukaushwa juani, juu ya nyavu zilizotandazwa chini. Mvua ikiwakuta kabla hawajakauka huharibika, na mnunuzi pekee anayebaki ni yule wa chakula cha kuku. Kwa sababu hiyo ushirika ulijenga banda la kukaushia, lenye paa la plastiki angavu na trei tisini. Wingu likitokea, mwanamke hufungua ukurasa wa ushirika kwenye simu, huandika namba yake ya uanachama, na hubonyeza palipoandikwa "Naomba trei". Ukurasa ukimjibu kwamba amepata, mlinzi wa banda humruhusu kuingia. Bila jibu haingii mtu. Utaratibu huo uliwekwa baada ya wanawake wawili kuvunjiana mabeseni mlangoni.

"Ukurasa haujibu," Seline akasema. "Kale kaduara kanazunguka. Mvua inakuja, kanazunguka. Mvua inafika, kanazunguka. Mvua inaenda zake, ndiyo kanasimama."

Jacinta alimgeuzia kioo cha kompyuta. Palikuwa na grafu ya mwezi mzima, mstari ulionyooka kama uzi wa fundi. "Ona, mama. Huu ndio muda wa kushughulikia kila ombi. Wastani ni nukta nne ya sekunde. Haifiki hata nusu."

"Kwa hivyo mimi ni mwongo."

"Sijasema hivyo."

"Karatasi yako imesema. Mzee Opondo ametusomea jana ufuoni. Anasema seva ni nzima, ni simu zetu mbovu na vidole vyetu vizito. Tena anasema mlinzi hukuta trei tupu hata siku ya mvua, kwa hivyo banda hatulihitaji. Ijumaa halmashauri inapiga kura. Sydney analikodi msimu mzima."

Chapati ilibaki mkononi mwa Jacinta. Mzee Opondo ni mwenyekiti wa ushirika. Sydney hununua omena kwa magunia na yumo katika halmashauri. Kura hiyo ikipita, wanawake mia moja na sitini watabaki na nyavu zao chini ya mawingu, na ushahidi utakaotumika ni karatasi ambayo Jacinta huichapisha kila mwisho wa mwezi na kuipeleka kwa fahari. Hakuwa ameambiwa lolote.

"Kesho kukiwa na wingu nitakuja," akasema.

"Njoo hata kama halipo. Utalileta mwenyewe, nyar Webuye." Ndivyo Seline anavyomwita, binti wa Webuye. Akawamimina omena juu ya gazeti la jana, akachukua beseni lake. "Hawa nimekuachia. Kula na chapati."

Jumatano saa nane na nusu Jacinta alikuwa ufuoni, amesimama kati ya nyavu zilizong'aa kwa samaki kama bati jipya. Wingu lilitokea upande wa Maseno, jeusi chini na jeupe juu. Mara ufuo mzima ukabadilika. Mazungumzo yalikatika katikati ya sentensi. Wanawake walichuchumaa popote walipokuwa, simu mkononi, wamejikinga mwanga kwa leso.

Winny, jirani ya Seline, alikuwa na simu nne mapajani.

"Zote zako?" Jacinta akamuuliza.

"Hii yangu. Hii ya Seline. Hii ya mama mkwe. Hii ya Mama Okello, amekwenda kliniki."

"Na Seline mwenyewe?"

"Si yule pale, ana simu mbili. Anaandika namba yake, halafu ananiandikia na yangu."

"Lakini yako umeshaiandika hapa."

Winny alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa viatu miguu yote miwili. "Dada, kwenu bombani mnapangaje mitungi? Unapanga wako na wa jirani. Jirani naye anapanga wake na wako. Mmoja akikosa, mwingine amempatia. Sasa nyamaza, nabonyeza."

Jacinta alianzisha saa ya kupimia kwenye simu yake. Sekunde tano. Kumi na tano. Kaduara kalizunguka. Thelathini. Upepo ulianza kuinua pembe za nyavu. Hamsini. Hakuondoa macho kwenye kioo cha Winny. Ilipofika sitini ukurasa ukageuka mweupe, ukaandika kwamba umeshindwa.

"Sasa unafanyaje?"

"Naanza upya. Wote tunaanza upya."

Kwenye dakika moja na sekunde hamsini na mbili simu moja ikalia. Trei ya themanini na nane, ya mama mkwe. Simu nyingine tatu zilikuwa bado zinazunguka tone la kwanza lilipomwangukia Winny puani. Simu zote zikatumbukizwa kifuani, ufuo ukasimama kwa kelele, kila mtu akakimbilia nyavu zake. Jacinta alivua viatu, akashika pembe moja ya wavu wa Seline, wakakunja, wakavuta, maji yakiwapiga usoni. Waliokoa nusu. Nusu nyingine ililowa pale pale.

Jacinta alikuwa akicheka.

"Unacheka nini?" Seline akamuuliza, maji yakimtiririka kidevuni.

"Mama, nyinyi si waongo."

"Hilo nalijua tangu nizaliwe. Umetoka Kisumu mpaka huku kuja kunieleza hilo?"

Wakajibanza chini ya ukingo wa banda. Jacinta alifuta simu yake kwa kiganja, akafungua takwimu za seva za dakika tano zilizopita, zile zile alizozishuhudia kwa macho yake. Nukta nne ya sekunde. Mstari umenyooka.

Hapo ndipo alipoacha kucheka. Saa yake ya kupimia haikudanganya. Seva nayo haikuwa na sababu ya kudanganya. Alisimama akiwa amelowa mpaka mifupani, akijaribu kuzipatanisha namba mbili zilizokuwa zote za kweli, na kilichomjia kichwani ni sauti ya mama yake.

Baba yake, Mzee Waswa, alikuwa na kisiagi, mashine ya kusaga mahindi, kando ya barabara pale Webuye. Alijisifu kwa kila mgeni kwamba mashine yake inamaliza debe kwa dakika tatu. Ilikuwa kweli. Ila Jumamosi watu walipanga madebe tangu alfajiri na wengine walirudi nyumbani giza likiingia. Jioni moja mama alimkatiza mbele ya wageni. "Wewe unahesabu tangu mahindi yaingie kwenye mashine," alimwambia. "Mimi nahesabu tangu nitoke nyumbani."

Jacinta alimshika Seline mikono yote miwili. "Foleni," akasema. "Sikuhesabu foleni."

"Foleni gani? Sisi tumekaa tu."

"Nyinyi mmekaa. Maombi yenu ndiyo yamepanga foleni, na mimi sikuwahi kuyaangalia."

Alhamisi alifika ofisini kabla mwenye duka la dawa hajafungua. Jambo lenyewe linaeleweka kwa urahisi. Seva ya ushirika ina mlango, programu inayopokea maombi yote, na nyuma ya mlango kuna programu nyingine mbili zinazofanya kazi yenyewe. Jacinta huziita makarani. Karani akiwa na kazi, ombi linalofuata husubiri mlangoni. Saa ya takwimu ilianza kuhesabu pale karani alipolichukua ombi mkononi. Sekunde zote za kusubiri mlangoni hazikuwa za mtu. Jacinta aliutafuta mstari wa programu ulioamua hivyo, akaupata, na chini yake lilikuwapo jina la aliyeuandika. Lilikuwa jina lake mwenyewe. Miaka minne iliyopita ushirika ulikuwa na wanawake kumi na mmoja na hapakuwa na foleni ya kupimwa.

Hata hivyo mlango ulikuwa na tabia moja njema. Kila ombi lilipofika, uliandika saa ya kufika katika faili lake ambalo hakuna aliyewahi kulisoma. Makarani nao waliandika saa waliyotoa jibu. Alichohitaji Jacinta ni kuyalinganisha mafaili mawili na kutoa saa moja kutoka kwa nyingine, ombi kwa ombi, kwa mwezi mzima. Aliandika programu fupi, akaiendesha, akasimama nyuma ya kiti chake kwa sababu hakuweza kukaa.

Siku za jua zilikuja kwanza. Nukta nne. Nukta nne. Nukta tano. Kisha ikaja alasiri ya tarehe tisa, siku ya wingu, na namba zikaanza kupanda kama maji ya kisima baada ya masika: tatu, kumi na mbili, thelathini na nane, hamsini na saba, tisini. Maombi mia sita na zaidi kwa dakika moja, makarani wawili. Alipiga meza kwa kiganja. Akampigia Seline simu.

"Mama, tarehe tisa, saa tisa na dakika kumi na mbili. Ulisubiri sekunde ngapi?"

"Nitajuaje? Nilisubiri mpaka nikaanza kuomba Mungu."

"Mia moja na kumi na tisa."

Seline akauliza polepole, "Umeziona?"

"Nimeziona zote."

"Na za ile siku ya kwanza? Siku ile omena niliwapa kuku?"

"Hata hizo. Na kuna jambo jingine, mama. Ombi lako lilijibiwa. Ulipewa trei ya sabini na moja. Jibu lilitoka sekunde hamsini na tisa baada ya simu yako kukata tamaa."

"Trei nilipata?"

"Ulipata."

"Mimi nikiwa chini nakunja nyavu kwa mvua, trei yangu iko juu imenikalia tupu?" Seline alisonya kwa muda mrefu, msonyo wa mtu anayevuta kamba. "Sasa nisikilize. Hiyo mashine yako irekebishe, lakini ujue hivi. Foleni nisiyoiona siiamini. Bombani nikiona mbele yangu kuna mitungi kumi, nakaa chini nasuka nywele. Simu ikinyamaza, nabonyeza mpaka kesho."

Jacinta aliandika maneno hayo kama yalivyo, kwenye karatasi, akayabandika ukutani.

Ijumaa saa nne kikao kilifunguliwa kwa sala. Wajumbe walikuwa saba. Nje, kwenye ngazi, walikaa wanawake wasiopungua thelathini, na mwenye duka la dawa za mifugo alikuwa amepanda mara mbili kuomba wasimzibie mlango. Jacinta alipewa dakika tano. Alikuwa na karatasi moja yenye safu mbili za namba.

Sydney alizisoma haraka, maana mtu huyo ana akili nzuri ya namba. "Mwezi uliopita ulituambia nukta nne. Leo unatuambia mia moja na kumi na tisa. Mwezi ujao tutarajie ngapi, mwalimu?"

"Zote mbili ni kweli," Jacinta akasema. "Ile ya kwanza nilianza kuhesabu nikiwa nimechelewa. Kosa ni langu, si la simu zao. Ninaomba liandikwe."

Mzee Opondo alivua miwani. "Unakiri kosa mbele ya kikao?"

"Ndiyo, Mwenyekiti."

"Na zile trei tupu? Nazo ni kosa lako?"

Jacinta alitoa karatasi ya pili. "Hii ni orodha ya waliopewa trei tarehe tisa bila kujua, kwa sababu jibu liliwachelewea. Ni kumi na mmoja. Sijakiona kitabu cha mlinzi. Ninaomba Mwenyekiti akilete."

Kitabu kilikuwa kwenye gari la katibu; kikaletwa, daftari la kurasa themanini lililoliwa pembe na mchwa. Mzee Opondo alilifungua tarehe tisa, akaweka kidole cha mkono wa kushoto kwenye daftari na cha kulia kwenye orodha ya Jacinta. "Kumi na tisa, tupu," akasoma. Kidole kingine kikashuka. "Kumi na tisa. Khaemba Rose." Akarudi kwenye daftari. "Thelathini na tatu, tupu. Thelathini na tatu... Naswa." Aliendelea hivyo, trei kwa trei, na kila alipopata jozi sauti yake ilipanda kidogo, mpaka wajumbe wote wakawa wamesimama wakichungulia juu ya mabega yake. "Sabini na moja, tupu."

"Sabini na moja, Seline Adero," Sydney akasoma mwenyewe, kabla ya mzee. Kisha akakaa. "Kumi na moja kwa kumi na moja. Hii siwezi kubishana nayo."

"Basi usibishane," Mzee Opondo akasema.

Waliamua kura isubiri wingu moja. Wanawake wakipata trei zao siku hiyo, hoja itaondolewa. Wakikosa, Sydney atachukua banda. Jacinta alipewa Jumamosi na Jumapili.

Aliongeza makarani kutoka wawili hadi wanane. Aliufundisha mlango kutambua namba ya mwanachama, ili ombi la Winny na ombi ambalo Seline amemtumia Winny yahesabiwe kuwa mtungi mmoja kwenye foleni. Saa ya takwimu aliihamishia mlangoni, ianze pale ombi linapogusa seva. Na Jumapili, baada ya kanisa, aliandika lile alilolipenda kuliko yote. Mara tu ombi linapofika, kabla karani yeyote hajaligusa, simu inajibiwa: "Umepokelewa. Mbele yako wako kumi na wawili."

Wingu lilikuja Jumatatu, saa tisa na dakika tano. Jacinta alilijua akiwa Kisumu, kwa maana grafu ilisimama wima. Maombi yaliruka kutoka mawili kwa dakika hadi mia moja sabini na moja. Alishika ukingo wa meza. Wiki iliyopita yangekuwa mia sita. Mia moja sabini na moja, wanawake mia moja hamsini na wanane. Walikuwa wamebonyeza mara moja, wakaona nafasi yao, wakatulia. Mstari mpya, ule wa kuanzia mlangoni, ulipanda hadi sekunde moja, mbili, mbili na nusu. Ukakaa hapo. Ukashuka.

Simu yake ililia. Alikuwa Mzee Opondo, na nyuma yake palikuwa na makelele ya mabeseni.

"Niko bandani," akasema. "Trei zote tisini zimejaa na mvua bado haijafika. Waliokosa waliambiwa papo hapo, wamekwisha kunja nyavu zao. Sydney naye aliomba, akawa wa themanini na sita. Ameingia, anabeba beseni mwenyewe, wanawake wanamcheka."

"Na hoja, Mwenyekiti?"

"Imeondolewa. Katibu ameandika. Ngoja, kuna mtu hapa ananinyang'anya simu."

"Kumi na nne!" Seline akapaza sauti. "Nyar Webuye, niko trei ya kumi na nne, na niliposubiri nilikuwa nakunywa chai."

Asubuhi iliyofuata Jacinta hakufungua wastani. Siku hizi huanza na ombi lililochelewa kuliko yote. La Jumatatu lilichukua sekunde tatu na nukta moja, nalo lilitoka kwa mwanachama aitwaye Atieno, upande wa mwisho wa ufuo. Akampigia.

"Haloo, mama. Jana saa tisa na dakika sita uliomba trei."

"Nani anauliza?"

"Ni mtu wa seva, Kisumu. Ombi lako lilichelewa. Nilitaka kujua kama simu yako ilisumbua, au mtandao wa upande huo."

"Lilichelewa kiasi gani?"

"Sekunde tatu."

Jacinta akamsikia Atieno akiwaambia waliokuwa karibu naye, kwa Dholuo, na kundi zima likaangua kicheko.

"Mama, sekunde tatu ndiyo umenipigia?"

"Ndiyo. Ulikuwa wa mwisho."

"Basi subiri," Atieno akasema, bado akicheka. "Acha nitoke juani nikae kivulini, nikueleze vizuri. Mtandao wa huku una mambo yake."

Jacinta akavuta karatasi, akachukua kalamu.